Meno ya Mbwa Mwitu

Leipzig, 3 Machi 2019

Shikamoo Bibi. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila mkate wa huku haushibishi.

Nina ombi. Dakta Reimers, kiongozi wa kikundi chetu cha kutetea mila za wenyeji, anafundisha kwamba utamaduni hurithiwa kwa damu. Mgeni hata akae miaka mia, mkono wake hautajua kazi ya wenyeji. Nilimsimulia mayai unayoyachora kwa unyoya kila Pasaka, anayataka kwa maonyesho yetu. Nitumie sita.

Mjukuu wako, Měrćin

Ralbicy, 12 Machi

Marahaba, mume wangu. Goti linauma, ulimi haujambo.

Damu! Mama yangu alichapwa shuleni kwa kusema Kisorbi, lugha yetu Waslavi wa huku, badala ya Kijerumani. Waliomchapa nao walikuwa na madaktari wao, wakisema sisi Waslavi tuna damu ya watumwa. Leo mwenzao anataka mayai yetu? Haya, sita hayo, yote nakshi ya meno ya mbwa mwitu, pembetatu kwa pembetatu. Matatu nimechora mimi. Matatu kachora Rima, binti wa jirani aliyekimbia vita Aleppo, ana miaka miwili tu ya kujifunza jikoni kwangu. Daktari wako achague yenye damu. Nawe usimnong'oneze!

Bibi yako, Hanka

Leipzig, 2 Aprili

Shikamoo Bibi. Mayai yalifika salama.

Alichagua ya Rima. Akayainua mbele ya watu hamsini: "Mkono huu una miaka elfu!" Mimi nilijua, maana kwenye nakshi wewe huruka jino moja kwa ajili ya pengo la Babu, na hayo yalikuwa na meno yote. Nilinyamaza. Walipopiga makofi, nami nikapiga. Naona aibu, Bibi.

Pasaka nije nipande farasi wa Babu kwenye msafara wa wapanda farasi?

Mjukuu wako, Měrćin

Ralbicy, 6 Aprili

Marahaba. Mama yangu alinyamazishwa kwa fimbo. Wewe umeonyeshwa fimbo gani?

Farasi yupo, na kofia ndefu ya babu yako nimeipiga brashi. Lakini waendao na msafara huimba Kisorbi kijiji hadi kijiji kutangaza Ufufuko, na wewe umemeza ulimi. Kaseme kwanza. Ukishindwa, atapanda mjomba wako.

Bibi yako, Hanka

Leipzig, 17 Aprili

Shikamoo Bibi. Nimesema.

Nilimkatiza Daktari katikati ya hotuba. Nikamtaja Rima, nikaitaja Aleppo, na pengo la Babu. Akacheka: "Kumbe na wewe ni Mslavi tu!" Nikamjibu, "Tena wa Hanka wa Ralbicy!" Wakanisukuma nje, shati likachanika. Mayai yako ninayo. Ya Rima waliyaponda kwa viatu, na hilo linaniuma mno.

Nafika Jumamosi saa nane mchana. Mwombe Rima aniwekee kiti karibu yake na unyoya mmoja wa kuchorea. Damu yote hii, Bibi, na sijui kuchora hata jino moja.

Mjukuu wako, Měrćin