Mkebe wa Unga na Posho ya Askari

Mama,

Mkebe wako umefika Buffalo. Nimeuweka juu ya friji, pale ambapo ungeuweka wewe, na kila nikifungua mlango unatikisika kidogo na kunishtua. Dada Neema aliufunga kwa kitenge chako cha kijani nilipompitia kwake Reynoldsburg, karibu na Columbus, akauweka kwenye kiti cha mbele cha gari, akaufunga na mkanda kama abiria. Nilicheka. Nilipotoka Columbus na kushika barabara kuu, kilio kikanijia mpaka nikalazimika kusimama kando.

Sijawahi kukuandikia barua. Tulizoea simu ya Jumapili baada ya kanisa. Unaniuliza nimekula nini, nakujibu chochote, halafu unanipa habari za mtaa wako mzima wa Beechmont, huko Louisville: nani amejifungua, nani amepata kazi kwenye ghala, nani amegombana na nani kwenye kwaya. Mpaka sasa Jumapili saa tisa mkono unaniendea wenyewe kwenye simu. Basi naandika.

Kuna neno moja nina deni nalo kwako, na unalijua. Nivumilie nizunguke kwanza, maana nikilisema mapema sitaweza kuendelea.

Unakumbuka siku za posho kambini Tanzania? Tulirudi na mahindi, maharage na yale mafuta ya kwenye kopo, na yalitakiwa kufika mpaka posho nyingine. Kila ulipopima unga wa kusonga bugali, mkono wako wa kushoto ulirudi ndani ya bakuli, ukachota kiganja kimoja na kukitia kwenye mkebe. Kila siku, hata siku ambazo mimi na Neema tulilamba sufuria. Ulisema kile ni cha mtu ambaye hayuko kwenye karatasi, jirani aliyefika jana, mtoto aliyezaliwa baada ya majina kuandikwa. Mama, nilikuwa na njaa, na nilikichukia kile kiganja.

Ukaja na mkebe huohuo mpaka Louisville. Wenzako walibeba picha na Biblia, wewe ukabeba kopo la mafuta lililokatwa mdomo, umeliviringisha ndani ya sweta. Duka liko ng'ambo ya barabara, unga umejaa mpaka unaangukia watu, na wewe bado unachota kiganja. Familia mpya ikitoka uwanja wa ndege, bugali yao ya kwanza ilitoka mle. Nilikutania kwamba unaogopa Marekani watafunga maduka kesho. Ulinijibu kwamba hata wao hawajui kesho watafunga au watafungua.

Halafu nikapata ile kazi ya ngome. Siku za wiki niko kiwandani kama kawaida, lakini Jumamosi nashuka kutoka mtaani kwangu Riverside kwenda kwenye ngome ya zamani kando ya mto, wanakokuja watalii kuona askari wa Marekani waliishi vipi nchi ilipokuwa bado changa. Ulipoiona picha yangu nimevaa koti la sufu na vifungo vya shaba, uliipeleka kanisani. Mtoto wa Uvira kule Kongo, jikoni kwa askari wa kizungu wa miaka mia mbili iliyopita! Uliniuliza kama wananilipa au wananicheka. Nikakwambia vyote viwili.

Kiangazi kilichopita ukapanda basi Louisville, ukalala kwa Neema, kesho yake ukaja kuiona kazi yangu. Nataka ujue kwamba asubuhi ile nimeihifadhi yote. Ulinusa pipa la nyama ya nguruwe ya chumvi ukarudi nyuma hatua mbili. Uliugonga mezani ule mkate mkavu wa unga na maji, ukauliza ni wa kula au wa kujengea. Nilikueleza kwamba posho ya askari ilikuwa na unga, nyama, siki, sabuni, hata mshumaa, na kwamba wanawake waliofulia kikosi nao walipata sehemu yao. Hapo ulifurahi sana. Miaka kumi na moja umefua mashuka ya hoteli, ukasema basi na wewe ni wa jeshi.

Kwenye kibanda cha familia ya raia uliona kinu cha gogo na mahindi. Watalii walikuwa wanatwanga kama wanaua nyoka. Ulimpokonya mchi mama mmoja kwa upole, ukatwanga, ukapepeta kwenye ungo, na watu wakapiga makofi. Bosi wangu, yule mzee aliyekuwa mwalimu wa historia, alisimama mlangoni anatabasamu. Wakati huo, Mama, nilikuwa najivuna kimyakimya. Ningekutambulisha tu pale pale na mambo yangeisha.

Saa nane ikawa zamu yangu ya kugawa posho. Nina mizani ya sahani mbili na karatasi yenye majina ya askari. Napima unga, namwaga fungu mezani, naita jina, mtalii anakuja kupokea. Ulisimama ubavuni kwangu. Nilipoeleza kwamba watoto wa wale wanawake mara nyingi hawakuwa kwenye hesabu, ulinivuta koti.

"Na batoto, banakula nini?"

Niliendelea kupima, nilikuwa kazini. Ndipo ukanyoosha mkono wa kushoto, ukachota kiganja kwenye fungu la kwanza, ukakitia kwenye kona ya kitenge. Ukachota kwenye la pili, kwenye la tatu. Watu wakaanza kucheka. Mmoja akauliza kwa sauti kama yule mama ni mwizi wa posho, kama naye ni sehemu ya mchezo. Bosi akasogea. Nilikuwa na miezi miwili tu pale, Mama, na nilitaka sana kubaki. Akaniuliza kama nakufahamu.

Nikasema kwa Kiingereza: "Ni mama mmoja wa kanisani kwetu."

Ndilo hilo neno. Kiingereza chako kilikuwa cha kufulia na cha basi, lakini hayo uliyaelewa, kwa sababu uliufungua kitenge polepole ukaurudisha unga wote mezani, ukafuta mikono, ukaenda kukaa kwenye benchi. Kwenye gari uliniambia tu kwamba bosi wangu ni mtu mzuri na kwamba mto ni mpana. Ulinipikia sombe ya majani ya muhogo jioni ile. Nilikula sahani mbili nikaenda kulala. Kila Jumapili baada ya hapo nilisema moyoni, leo namwomba msamaha. Kila Jumapili tukazungumza habari za kwaya.

Kisha Neema akapiga simu asubuhi kwamba presha imekuangusha, na nilipofika Columbus, njiani kuja kwako Louisville, tayari ulikuwa umekwenda.

Sasa nikupe habari za matanga yako, maana ungependa kuzijua. Barafu iliifunga Louisville siku ile tulipoingia. Mabasi hayakutembea, na duka la ng'ambo lilikuwa limefungwa, ungenicheka. Lakini watu wa Beechmont walikuja kwa miguu, wazee kwa vijana, wanateleza wanashikana, nyumba ikajaa mpaka kwenye ngazi. Kina mama wakaingia jikoni, wakakuta unga uliomo kwenye mfuko hautoshi hata nusu ya watu. Neema akaushusha mkebe. Ulikuwa umejaa mpaka mdomoni, Mama. Bugali ya kwanza ya msiba wako ilitoka kwenye viganja vyako, na wengi walioila walikuwa wamekula humohumo siku walipofika nchi hii. Mimi nami nikala. Kile kiganja nilichokuwa nakichukia kilinilisha siku nilipokuwa sina mama.

Kina mama walipokuwa wanaosha vyombo, wakaniambia ulivyokuwa unawasimulia kwamba mwanao wa Buffalo ndiye anayegawa posho ya jeshi. Nikashindwa kukaa. Neema alinifuata kwenye ukumbi, na huko nikamweleza niliyoyasema ngomeni. Kumbe alijua.

"Mama alituambia uliogopa juu ya kazi yako," akasema. "Donc, basi, alikataza tusikuulize kitu."

Hiyo ndiyo ilinivunja kabisa. Hata aibu yangu uliiwekea akiba.

Jumamosi iliyopita ngome ilifunguliwa tena baada ya baridi. Nilienda na mkebe. Niliuweka mezani karibu na mizani, nikapima unga, na kabla ya kuita jina la kwanza nikachota kiganja nikakitia ndani. Nikafanya hivyo kwa kila fungu. Bosi alikuwa amesimama nyuma ya watu, amekunja mikono. Mtalii mmoja akauliza ile ni ya nini. Nikasema ni ya watoto ambao hawakuandikwa, na kwamba mama yangu ndiye aliyenifundisha, na kwamba kiangazi kilichopita alisimama hapahapa nilipo nikamkana. Safari hii neno lile nililisema mpaka mwisho.

Watu walipotawanyika bosi akaja kunisaidia kufuta meza. Akaniambia: "Nilijua siku ileile. Ninyi wawili mnachota unga kwa mkono wa kushoto."

Mama, mimi naandika kwa mkono wa kulia. Nala kwa wa kulia. Sikuwahi kujiona.

Nisamehe. Najua umeshanisamehe, lakini nataka nikuombe mwenyewe, kwa maneno yangu. Pumzika sasa, umesimama sana kwenye mistari ya watu. Alhamisi kuna familia inafika, baba, mama na watoto wanne, wataishi mtaa wa pili kutoka kwangu. Bugali yao ya kwanza itatoka kwenye mkebe huu, na baada ya kula nitaanza kuujaza upya, kiganja kwa kiganja, hadi siku yangu. Na atakayeniuliza mkebe ni wa nani, awe bosi, awe mtalii, awe mtoto mdogo, nitamjibu papo hapo kwamba ni wa mama yangu.

Mwanao,
Amani