Sauti ya Ofisi ya Dubai

Jumapili, 5 Machi 2017

Mafaili ya kesi ya kontrakta tena. Toboa, piga namba kila ukurasa, tia karatasi za rangi katikati. Faraz, wakili mdogo, alikuja kuuliza kama ziko tayari, yeye na wenzake wakacheka viatu vyangu. Poa tu. Mimi husoma kila ninachotoboa. Sheria nimeijulia hapo, sio chuo.

Helen amefika kutoka ofisi yetu ya London. Wakili mkubwa kabisa. Kwenye kikao akasema "mke wangu" kama mtu anataja gari lake. Sir, bosi wetu wa hapa, akaangalia meza. Mimi nilitaka kupiga makofi, wallahi.

Jumatatu, 6 Machi

Nilimpelekea Helen mafaili chumba cha mikutano, nikamwambia ukurasa fulani haufai kuwa pale, akaniuliza nimejuaje. Nikamweleza. Akasema nafaa kuwa msaidizi wa wakili, sio mtoboa karatasi, ataniandikia barua ya kunipendekeza. Halafu akanipa stori ya kikundi chao kule kampuni, mawakili gei na wenzao, ili mtu asijifiche kazini. Kila ofisi ina sauti yake, akasema, mtu wa kuwasemea wenzake. Dubai haina.

Nikasema, "Mimi pia ni gei. Niwekeni mimi."

Hata sikufikiria. Miaka ishirini na nne sijawahi kumwambia mtu isipokuwa Ochi, na Ochi si kumwambia, ni kupendana.

Jumanne, 7 Machi

Nililala kama jiwe. Sijalala hivyo tangu nije Dubai. Helen amepanda ndege. Nimemwambia Ochi kwa simu, akauliza nimerogwa na nani. Nikamwambia tulia, ni mambo ya London.

Jumatano, 8 Machi

Kikao cha video, ofisi zote. Tumejaa chumbani, chai mkononi. Helen kwenye skrini anatabasamu. Anamshukuru Kelvin wa Dubai, yaani mimi, sauti mpya ya kikundi cha gei, kijana jasiri.

Nilidhani kikundi ni siri ya watu wao. Yeye alidhani nikisema ndiyo kwake, ni ndiyo kwa dunia. Hakuna aliyeuliza mwenzake.

Sir akachukua rimoti akazima sauti. Midomo ya Helen ikaendelea. Faraz alikuwa amesimama karibu nami. Akasogea mbali.

Alhamisi, 9 Machi

Hakuna anayeniita kwa jina. Jikoni dereva mmoja akauliza kama sasa aniite madam. Wakacheka. Nikacheka pia. Najichukia kwa kile kicheko.

Ochi hashiki simu.

Ijumaa, 10 Machi

Siku nzima kitandani, chumbani kwangu Al Baraha. Nimefuta picha zote. Kila gari likisimama chini naona polisi. Hapa mtu anafungwa kwa hii kitu, kisha anarudishwa kwao. Nilijua. Nilijua na nikafungua mdomo.

Ujumbe wa Ochi, kwa simu ya mtu mwingine: nisikanyage kwake Al Quoz, nifute namba yake.

Nimeifuta. Iko kichwani. Kichwa hakifutiki.

Jumapili, 12 Machi

Bwana Nassor, mandub wetu, yule wa mambo ya visa, alinisubiri kwenye lifti. Familia yake ni ya Unguja, na kila siku hunisalimu kwa Kiswahili. Visa yangu inaisha mwezi huu.

"Mwanangu, nimeambiwa niiache kwanza. Ya watu mimi siyajui. Lakini anza kufunga begi mwenyewe, usingoje kufungiwa."

Nikamuuliza kama ataniripoti. Akaudhika kweli. Akanishika bega mbele ya watu wote pale chini, akaenda zake.

Jumanne, 14 Machi

Sir ameniita. Mpole, hiyo ndiyo mbaya. Kampuni inathamini kila mtu, lakini hapa ni hapa. Visa hawataongeza. Kazi ya usaidizi haipo. Nikataja sera ya kampuni, kipengele kwa kipengele, naijua kuliko yeye. Akasema anaijua pia.

Helen ameandika anaumia sana. Hajasema kitu kingine.

Mama anaambia watu Kisumu mimi ni karibu wakili. Khalas, basi.

Alhamisi, 16 Machi

Siku ya mwisho. Mafaili ya kontrakta yanaenda kortini Jumapili, nikasema siachi kazi nusu. Watu wakaondoka bila kuaga.

Faraz akarudi. Akavua koti, akavuta kiti, akaanza kutoboa. Vibaya, mashimo hayalingani. Nikamwonyesha. Halafu, macho kwenye karatasi:

"Ulipomwambia Helen. Baadaye ulijisikiaje?"

Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikamwangalia. Nikaelewa kwa nini alisogea mbali ile siku: alijiogopea mwenyewe.

Ningeweza kumtisha kwa yaliyonipata. Nikamwambia ukweli, kwamba usiku ule nililala.

Akaitikia kwa kichwa pole pole. Nikampa karatasi za rangi, yeye akaanza za kijani, mimi nyekundu. Tumemaliza faili la mwisho pamoja.