Foto ya Mbele ya Wimbo Yako

Mama Mado,

Ni mi, Tata Mado. Unajua mi sikusoma mingi. Nilifikaka mwaka ya tano, kiisha tata akanipeleka ku kazi. Kama kalamu inateleza, usiniseke.

Foto yako nimeipata. Nilitaka usikie hiyo mbele ya yote. Sasa nitakuambia namna ilikuwa.

Siku tulikuzika, balitafuta foto ya kuweka pembeni ya sanduku. Hatukuwa nayo. Telefone yako iliibiwaka ku soko, na we ulisema haina neno, bitu ni bitu. Basi balikamata karte yako ya uchaguzi, bakakuza ile kafoto. Ilikuwa imefutika nusu. Ulikuwa sawa mutu ya kifungo. Mama moya ya Musonoi alinigusa bega, akauliza: "Tata, nani alikufa?" Alikujua miaka kumi, ule mama. Nikasema mu roho: hapana mara ya pili.

Nyuma ya maziko, bamama ya korale balikuya ku nyumba. Mama Prezida mbele, ule munene yenye ulimuitaka Ngoma akigeuza mugongo. Balisema wimbo yako, ile ulitungaka ukifua nguo, banataka kuiweka ku internet, batu ya Tenke na Kasaji na wapi wapi baisikie. Video iko, ile balipiga mbele ya kanisa, miezi tatu mbele ya ile homa ya siku ine yenye ilikubeba. Lakini video inaomba foto ya mbele, ile mutu anaona wakati hajafungua. Na desturi ya korale unaijua: mwenye anaanzisha wimbo, sura yake njo inakaa pale.

Mama Prezida alisema kama foto ya muzuri haionekane mpaka siku ya posho, bataweka mushumaa yenye inawaka, na jina yako chini. Juu kesho yake, siku ya yenga, siku ya ibada, wimbo inatoka mu kanisa.

Mushumaa. Nilimuambia: bibi yangu hakuimbaka sawa mushumaa.

Nilianza mi mwenyewe. Nilikamata telefone ya jirani, nikafungua video, nikakuona, nikafinya usimame. Nikapiga foto ya kioo. Nikakimbia nayo ku bale banatosha foto ku karatasi, banitoshee kubwa sawa dirisha. Nikafika ku nyumba, nikamuonyesha Yaya Odile, ndugu yako. Aliangalia, akasema: "Shemeki, ni nini hii mu pua yake?" Kumbe ile alama ya kusimamisha video, tule tumisitari tubili, tulibaki katikati ya sura yako. Tuliseka. Mara ya kwanza tangu ulienda. Kiisha Yaya Odile akalia, mi nikatoka inje.

Njo nikaenda kwa Ilunga, yenye alitengenezeaka korale ile video, iko na studio pembeni ya mashini ya kusaga. Mutu ya kupole. Alinionyesha kitu sikujuaka: video si kitu moya. Ni foto, na foto, na foto, makumi mbili na tano mu seconde moya. Unafinya kabutoni, inasogea moya. Unafinya tena, moya. Alinikalisha mbele ya kioo ya ordinatere yake, akasema: "Tata, chagua."

Sasa we unajua shida iko wapi. Ukiimba, ulifungaka macho. Nilikuambiaka fungua, utaanguka. Ulisema: "Mi siimbie batu." Na wimbo ikiisha, unaseka, na ukiseka unaweka mukono ku kinywa, juu ya ile lino ilivunjikaka. Macho ya kufunga, ao mukono ku kinywa. Dakika tano yote ni vile. Nilifinya siku tatu, kila nikitoka kazi ku depo ya majiwe, mpaka umeme ikatike. Kidole yangu iko nene. Mara ingine inaruka mbili, ninarudi nyuma.

Ilunga alinihurumia. Siku ya ine nikafika, nikakuta amekufungua macho. Aliyaokota ku foto ingine, sijui ya mama gani, akayabandika. Yaya Odile alisema ni muzuri. Mama Prezida alisema unaonekana sawa malaika. Mi niliangalia. Ule mama mu foto hakunijua. Nikasema futa. Ilunga akasema hakuna ingine, ameangalia yote. Nikasema futa.

Sikia. Sisi batu ya Kolwezi tunakulaka ku nini? Ku bulongo yenye kampani ilitupaka. Balichimba, bakachagua, bakasema hii ni takataka, bakarundika kilima. Sisi tukapanda na mifuko, tukaosha, na shaba ilikuwa ndani. Miaka yote ninachagua majiwe. Mukubwa yenye alinifundisha kazi alisemaka: mbele ya kusema hakuna, uliza balitupa wapi.

Nikauliza Ilunga kama alikata kitu mu video. Akasema ndiyo, mwanzo, kila mara anakataka mwanzo. Haina kitu, ni bamama banafunga bitambaa, banasukumana. Nikasema nionyeshe hiyo takataka. Hakupenda. Nikabaki mu kiti. Unajua mi nikikaa namna gani.

Ulikuwa mule.

Unasimama mustari ya kwanza, kitambaa ya kijani, hauimbe bado. Unageuka, unaangalia telefone. Hapana. Haukuangalia telefone, uliangalia mi. Nilisahauka kabisa. Mi njo nilishikaka kipande ya karto ya sabuni juu ya kichwa ya ule alipiga video, jua isimuchome. Nilitoka ku depo moya kwa moya, biatu ya kazi, bulongo nyekundu mpaka ku magoti, mbele ya kanisa, mbele ya pasta. Na we uliona. Macho wazi yote mbili. Nyusi zimekutana. Mulomo nusu wazi, lino inaonekana, mukono iko chini. Ulikuwa unasema: "Tata Mado, biatu gani hiyo?"

Ni nusu ya seconde. Foto kumi na mbili. Kumi zilitikisika. Mu moya, mukono ya Mama Prezida ilipita mbele yako. Ikabaki moya.

Sasa kelele. Mama Prezida alisema foto ya kasirani haikae mbele ya wimbo ya Mungu, batu batasema marehemu alikuwa mukali. Nikamujibu alikuwa mukali. Nikasimama, nikamupa kiti, nikasema: uangalie mbele ya kukataa.

Aliangalia sana. Kiisha, polepole, akanyanyua mukono, akanyoosha kitambaa yake ya kichwa. Akasema: "Ananikaripia mi. Ile siku kitambaa yangu iliinama, aliniambiaka mara mbili." Yaya Odile akasema hapana, ni yeye, juu hajaenda kuona mama yenu tangu mvua ilianza. Tukaituma kwa Mado ku Tenke. Akaita ku telefone pale pale, analia: "Tata, mama anajua kama sijapeleka mutoto kupimisha kilo." Ndiyo, mutoto. Mado alizala mwezi ulipita. Mwanamuke. Iko na jina yako, na kelele yako pia.

Juu ya mushumaa hakuna mutu alisema tena.

Leo ni siku ya posho. Foto iko tayari, na jina yako, na jina ya wimbo. Ilunga alitosha ingine ya ukuta. Ile ya karte ya uchaguzi nimeishusha, nikaikunja, nikaiweka chini ya nguo. Mu nyumba sasa ukiingia ku mulango, we njo unaangalia kwanza. Jana jirani alifika kulomba chumvi, akapangusa miguu.

Mama Mado, mi sitakulilia mu barua. Nimelia, unajua, ulikuwa pale. Ninakuambia tu neno moya, na nitaishika. Kesho batakuonyesha ku ukuta ya kanisa mbele ya wimbo kuanza. Nitasimama mbele kabisa. Biatu nimebiosha asubui, biko inje binakauka. Nitabiosha kila siku ya yenga, mpaka ile yenye batanileta kwako.

Lala muzuri. Kesho uniangalie toka juu mpaka chini. Hautapata kitu ya kusema.

Tata Mado