Busta ya Gari la Kulala

Jumatatu, 3 Machi
Betri imekufa tena. Mara ya nne! Miaka thelathini nimemwahidi mke wangu safari ya wawili. Nimestaafu, nimenunua gari la kulala — kitanda, jiko, sinki — na safari ni Jumamosi. Gari lenyewe halijavuka geti. Jirani kachoka kutushtulia betri kwa waya. Leo kajifanya hayupo, na redio yake inaimba.
Nitanunua busta, kile kifaa cha kushtulia betri, ya kubeba mkononi. Nimechoka kupigia watu magoti.

Jumanne, 4 Machi
Dukani. Muuzaji kanitolea busta ndogo kama kipande cha sabuni. Eti inawasha lori. Fundi wangu kwa simu: hiyo itawasha tochi, injini ya dizeli inataka nguvu, chukua kubwa. Kubwa ina pampu ya upepo na king'ora. King'ora cha nini? Muuzaji naye hajui.
Sharti la mke wangu ni moja: ipige kelele nikibana waya mwekundu penye mweusi. Bado hajanisamehe pikipiki ya kaka yake niliyoiunguza hivyo.
Mama mkwe kahamia kwenye gari tangu mwezi jana, "kulizoesha watu". Akauliza: kwa hiyo litawaka kila siku? Kila siku, mama. Hakumaliza chai yake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechukua kubwa. Gari limewaka papo hapo! Nikazima, nikacheza kidogo uani.
Jioni — kimya. Busta nayo tupu. Mama mkwe kaichomekea feni, redio na simu.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi kapima: betri nzima kabisa. Akauliza nani anaacha taa zinawaka.
Nikamkuta mama mkwe kiti cha mbele, kidole kwenye swichi ya taa. Hakushtuka hata.
"Mwanangu, viti vyenye mkanda ni viwili," akasema. "Nimehesabu."
Nilikosa pa kuweka uso. Nikaenda kuchaji busta.

Jumamosi, 8 Machi
Limewaka! Sithubutu kuzima. Mke wangu kashuka ampishe mama yake. Mama mkwe kapanda, kaona aibu, kashuka ampishe binti yake. Sasa wote wako chini, kila mtu na mkoba wake — panda wewe, hapana, panda wewe. Nusu saa! Mimi kwenye usukani, naandika juu ya paja. King'ora cha busta kimeanza kulia chenyewe huko kitandani.
Mama mkwe amekuja dirishani. Anasema nizime kwanza injini, tuongee vizuri.