Siku Renatha Aliponizuia Kushuka Gengeni

Rubya, Muleba
15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Clotilda,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Joto la Lindi bado linakusumbua? Sisi huku tu wazima. Goti langu hulalamika mvua ikikaribia, lakini kanisani linanifikisha. Kahawa tumeanza kuchuma, na migomba mwaka huu imetupendelea.

Sasa nikupe habari za binti yangu Renatha. Kaa kitako kwanza.

Unajua kazi yake ni kuongoza wageni wanaoshuka kwa kamba lile genge la kando ya maporomoko. Mwaka jana mgeni mmoja alianguka akavunjika mguu. Kamba ilikuwa imechakaa na hakuna aliyeikagua. Renatha alilia wiki nzima. Kisha yeye na mwenzake Muhidini, wa Bukoba mjini, wakatunga kanuni: kamba ikaguliwe na watu wawili, kila mtu avae kofia ngumu, mwamba ukilowa hakuna kushuka, na aliyeonja pombe, hata funda moja, abaki juu.

Wenzao walinung'unika kwamba masharti hayo yatafukuza wageni. Wakapatana wayajaribu siku moja mbele ya wazee wa kata, ndipo waamue. Renatha aliniambia wazi kwamba yakikataliwa ataacha kazi. Na kazi hiyo anaipenda kuliko chakula.

Siku yenyewe wageni walipitia kwangu. Nikawapa kahawa ya kutafuna, nikatoa na kibuyu cha rubisi. Hujasahau desturi yetu: mwenye nyumba huonja kwanza, wageni waone pombe haina sumu. Nikaonja. Wao wakakataa kwa adabu, maana Renatha alikwisha kuwaonya. Niliyekunywa ni mimi peke yangu!

Tukafika gengeni. Mimi ndiye niliyepangwa kuwa mzee wa kwanza kushuka, na kijiji kizima nilikuwa nimekitangazia. Renatha akanitazama.

"Tata, umeonja rubisi?"

Nikamwambia ni funda moja tu, la desturi.

"Basi leo hushuki, Tata. Unisamehe."

Mbele ya wazee, Clotilda! Mbele ya jirani yangu Karugendo, ambaye alicheka mpaka akashika mti! Nilikasirika sana. Nikaenda kukaa juu ya jiwe, nikanuna.

Hapo nikamwona anafunga mikanda, anaivuta kamba, kisha anashuka yeye kwanza kabla ya kumruhusu mgeni hata mmoja. Hasira ikaniishia palepale. Binti yangu anaonja kamba kama mimi ninavyoonja rubisi. Desturi ni ileile, na ameitoa nyumbani kwangu. Nilijivuna mpaka machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi.

Baadaye hakukuwa na ubishi. Yunus, yule mwenzao aliyekuwa mkaidi kuliko wote, alisema aliyemzuia baba yake mzazi hatamwonea haya mtu mwingine. Kanuni zikapita zote.

Mama anakusalimu, na wifi yako Leokadia anauliza utakuja lini. Msalimie shemeji. Mungu awatangulie kila mnapokanyaga.

Jumamosi nitashuka, na rubisi ataionja Karugendo. Huyo amenibandika jina, limeshafika mpaka sokoni. Wakiniita, naitika kwa sauti kubwa.

Ni mimi kaka yako, nisiyechoka kukupenda,

Ildefons Kahangwa,
Mzee Baki-Juu