Breki ya Bunduki Isiyo na Teke

Karatu,
Jumatatu, 10 Machi 2025

Ndugu yangu Lekoko,

Nakusalimu, na kupitia kwako namwamkia mama Nanyokie. Nasikia mvua imeanza kunyesha huko Ololosokwan, basi natumaini ng'ombe wanashiba na ule mguu wako ulioteguka umeacha kukusumbua. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umejaa kinyaa, na nakuomba usome hadi mwisho kabla hujaikunja karatasi hii. Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ninayo. Kwenye simu ningekatisha njiani.

Ujumbe wako wa Ijumaa niliupata. Umesema baba yako, mzee Simel, amemkataa mchumba wako Nailantei. Kwamba umempigia mara tatu kumweleza habari za harusi, na mara zote tatu amejibu "haya" akakata. Umesema pia kwamba tarehe 22 baba mdogo Mepukori ndiye atakayesimama kuwabariki kwa maziwa, na mzee abaki Karatu na ukali wake. Lekoko, mzee hajamkataa mtu. Lakini ili unielewe lazima nianze na bunduki, kitu ninachokichukia siku hizi hata kukitazama.

Unaijua ile klabu ya shabaha kwenye shamba la kahawa, mahali mzee anapolinda na mimi hutengeneza silaha za wanachama kila Jumamosi. Wanatumia bunduki ndogo, risasi yake nyembamba kuliko penseli. Bunduki hiyo haina teke la kusema. Ukiipiga unasikia begani kama mtoto amekugusa akitaka umpishe. Mwaka jana mwezi wa sita Bwana Josephati, yule mwenye kambi ya watalii, akaja na video kwenye simu yake. Alikuwa ameona breki ya mtutu, kipande cha chuma chenye matundu kinachofungwa mdomoni mwa bunduki ili kupunguza teke. Akatangaza kwamba bila breki jicho linahama kwenye shabaha, na kwamba watu wa Arusha watatucheka tukienda kwenye mashindano na mitutu mitupu.

Wanachama wakabishana wiki tatu. Watu wazima, wenye mahoteli na magari, wanakunywa chai ya tangawizi na kubishana juu ya teke ambalo halipo. Mwingine alidai bega lake limepona. Mwingine akasema bunduki yake sasa inatulia kama ng'ombe anayekamuliwa, na huyo hajawahi kukamua hata mbuzi.

Kwenye bunduki kubwa ya nyati breki ina faida, sibishi. Moshi na nguvu ya baruti vinatupwa pembeni, bega linapona. Kwenye hii ndogo hakuna cha kuzuia. Kinachobaki ni mlio. Breki inauchukua mlio uliokuwa unakwenda mbele kwenye shabaha na kuumwaga ubavuni, kwa aliyesimama jirani. Na pale tumeezeka bati, kwa hiyo unagonga bati na kurudi tena kichwani. Unajua ni nani amesimama ubavuni kila Jumamosi, mwisho kabisa upande wa kushoto wa wapigaji, ameshika bendera nyekundu?

Wapigaji wote wanavaa vile vifuniko vya masikio vinavyofanana na redio. Mzee naye alipewa. Lakini wewe unazijua ndewe za masikio ya baba yako, zilivyovutwa tangu ujanani hadi zinagusa shingo. Akiwa kazini huzikunja na kuzipandisha juu ya sikio zisimsumbue, kama wazee wote wa rika lake. Kifuniko kikikaa juu ya ndewe iliyokunjwa kinambana mpaka machozi, na bado pembeni kunabaki nafasi. Wanachama walimcheka. Bwana Josephati alimshauri azikate, akasema kuna daktari Arusha anazishona vizuri. Mzee akaokota bendera yake akarudi mahali pake.

Sasa nisikilize. Jumapili ya tarehe 2 nilikwenda kumsalimia chumbani kwake. Simu ikalia, ilikuwa wewe. Akaiweka kwenye sikio la kulia kama kawaida yake. Mimi niliyekaa kwenye kigoda nilikusikia vizuri, unamtaja Nailantei, unamtaja baba yake, unataja tarehe 22. Mzee akasema haya, haya, akangoja, kisha akakata. Akaniuliza kama mtandao wa Karatu umeharibika, maana tangu Desemba mwanawe anampigia halafu ananyamaza. Akasema anafikiri umemkasirikia kwa kitu ambacho hukitaji, na anakujibu "haya" ili ujue kwamba chochote kile amekubali.

Nilimpeleka hospitali kesho yake. Sikio la kulia limekufa, na daktari amesema halirudi. La kushoto linasikia.

Hapa ndipo ningekata simu, Lekoko. Breki zile nimezikereza mimi. Zote saba, kwa mkono wangu, kwenye mashine yangu. Na nilipomaliza ile ya kwanza niliijaribu peke yangu, risasi kumi nikiwa nayo na kumi bila, mita hamsini. Matundu kwenye karatasi zote mbili yalikusanyika sawasawa, sarafu moja ingeyafunika. Masikio yangu yalivuma hadi jioni. Nilijua. Karatasi zile nikazificha kwenye droo ya vifaa, nikakereza nyingine sita, kwa sababu walikuwa wameanza kuniita Injinia.

Na mzee aliponilalamikia kwamba kifuniko kinambana ndewe, ni mimi niliyemwambia akivue. Nilimwambia bunduki hii ni ndogo, baba, mlio wake ni kama kofi. Akanishukuru. Mtu aliyenilipia chakula cha shule Karatu miaka miwili kwa kuuza mitamba yake, nilimwambia hivyo, na akaniamini kwa sababu mimi ndiye fundi. Nikiwatazama wale wanachama naona kinyaa, lakini nikijitazama mimi ni zaidi.

Jumamosi nilizifungua breki zote mitutuni bila kuomba ruhusa. Bwana Josephati amenifukuza klabuni, na sawa. Moja nimeikata katikati nikakuwekea ndani ya bahasha hii, uone ni kitu kidogo kiasi gani.

Mzee anajua yote. Nilimweleza nikiwa nimekaa upande wake wa kushoto. Akauliza kama maziwa ya harusi yatakuwa ya ng'ombe gani.

Barua hii ataileta Wilson, dereva wa basi, Jumatano. Nakuomba umpigie baba yako Jumapili asubuhi. Nitakuwepo, nitamshikia simu kwenye sikio la kushoto, kisha nitatoka nje niwaache. Kama baada ya hapo utataka nisije tarehe 22, nitampandisha mzee kwenye basi na kubaki.

Mwamkie mama kwa heshima, na Nailantei mpe salamu za shemeji yake, kama bado ni shemeji.

Ni mimi niliyekosa,
Elisaria