Kikombe cha Kwanza cha Mzee wa Matiri

Dada Agata, shikamoo. Baridi ya Mbinga ni ileile, naandika vidole vimekufa ganzi.

Mtaa wa maduka umekufa. Makufuli yameota kutu, na pale tuliponunuliwa sare za shule sasa wanalala mbuzi. Wamebaki watatu kwenye kibaraza kimoja: fundi cherehani, kinyozi na mjane mmoja, Mama Oresta. Abiria wakishuka kwenye basi, Mama Oresta anakaanga kahawa palepale barabarani ili harufu iwavute. Wakija kunywa, huyu ananyolewa, yule anapunguziwa suruali. Siku inapita, milango mitatu haijafungwa.

Jana alikuja mzee kutoka Matiri, mkulima wa kahawa tangu ujana wake. Akaonja, akakunja uso.

"Hii ndiyo ile yetu?"

"Ndiyo hiyohiyo, babu," Mama Oresta akamjibu.

Akanywa taratibu mpaka akamaliza.

"Mke wangu aliichuma mpaka mgongo ukapinda. Nimemzika hajawahi kuionja."

Kinyozi akazima mashine.

Nikamkumbuka marehemu baba. Maisha yake yote kwenye mibuni, na kila asubuhi anatutuma dukani majani ya chai! Nimekununulia robo kilo ya kahawa hii. Usiwape wageni. Chemsha kikombe kimoja, kaa kwenye kigoda cha baba, umnywee. Ni chungu, dada yangu. Tia sukari nyingi, kama alivyoipenda chai yake.

Mungu akutunze,
mdogo wako Beno